Maoni ya Mama Makopo

Tarehe 4 Februari

Baba, shikamoo.

Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuambia "nimepata kazi" ukanijibu "pole sana, umekunywa dawa?" Basi tuendelee na barua. Ile mashine ya kuoshea chupa ilikula masikio yako, lakini macho ilikuachia.

Nimepata kazi, Baba. Baraza linataka kuanzisha mpango wa pesa ya chupa, na mimi ni mmoja wa watu kumi na wawili tunaopita nyumba kwa nyumba kuuliza maoni. Mpango ni huu: ukinunua soda au maji, unalipa na kiasi kidogo juu yake kwa ajili ya chupa au kopo. Ukirudisha chupa tupu, unarudishiwa chako. Ukiitupa mtaroni, umejitupa mwenyewe. Ni kama zile kreti za zamani, ila sasa mpaka plastiki na makopo yamo.

Nimepewa kofia, beji yenye picha mbaya, na fomu ya maswali matano. Viatu vimeshaanza kuachama. Jana mama mmoja aliniambia anaunga mkono asilimia mia moja, na huku anasema hivyo akarusha chupa ya maji nje ya ukuta. Kinyozi mmoja akasema hana maoni, halafu akanieleza maoni yake kwa nusu saa, mteja wake amekaa kanyolewa upande mmoja. Mzee mwingine akanifungia mlango: "Pesa ikishaingia kwa wakubwa hairudi, hata uifungie ndani ya chupa!"

Wewe uliyeosha chupa miaka thelathini na moja, unasemaje? Na daktari alisema utembee. Unatembea?

Wako,
Kasuku


Tarehe 15 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mpaka jirani akabisha hodi kuuliza nagombana na nani.

Kwenye fomu yako andika hivi: Mzee anaunga mkono, na anashangaa kwa nini mnaliita jambo jipya. Kiwandani kwetu chupa ilikuwa kama mtoto wa shule, asubuhi inatoka, jioni inarudi, chafu. Inapita kwenye maji ya moto na magadi, inasuguliwa, halafu sisi tunakaa mbele ya taa nyeupe chupa zinapita mbele yetu, tunatafuta mende, kizibo, kipande cha karatasi. Ukisinzia kidogo, mtu huko anakunywa mende. Nilikaa mbele ya taa ile tangu kabla hujazaliwa. Halafu ikaja plastiki, zikaja barua za kupunguza watu, na mashine ikauzwa kama chuma chakavu. Tangu hapo mji huu unakunywa na kutupa, unakunywa na kutupa.

Lakini nikuulize na mimi. Kwenye hayo maswali yako matano, kuna swali la nani ataokota ambazo watu hawatarudisha? Maana wapo watakaosema ndiyo mbele ya beji yako na kurusha juu ya ukuta.

Kutembea natembea. Daktari alisema nusu saa, mimi nakwenda saa mbili kila asubuhi, tena na mzigo kidogo ili misuli isilale. Nimepata na mwenzangu wa kutembea naye, mtu mwenye subira sana. Ananisikilizia yale nisiyoyasikia. Gari likija nyuma, ananivuta shati.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Kula vizuri. Viatu peleka kwa fundi kabla havijameza mguu.

Baba yako


Tarehe 2 Machi

Mwanangu, binti wa kaka yangu,

Salamu nyingi. Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Ila kuna jambo nikinyamaza nitapasuka.

Baba yako ameonekana nyuma ya soko kavaa buti zake za kiwandani, gunia begani, anachakura mapipa ya taka. Si mara moja. Kila asubuhi! Na ameongozana na Mama Makopo, yule mjane anayeokota chupa na kwenda kuziuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Sikuambiwa, nimeona kwa macho yangu haya mawili. Nilijificha nyuma ya lori la mchanga mpaka wakapita, na yeye kaka, kwa uziwi wake, anaongea kwa sauti kubwa kama yuko mkutanoni: "Hii ya kijani nzuri, hii ya kijani nzuri!" Mtaa mzima unamsikia.

Nilikwenda kwake nikamwambia, kaka, watu wanacheka. Akasema wacha wacheke, kicheko ni afya. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akanijibu la kwake lilikufa zamani, kwa hiyo ana ruhusa.

Sasa mwanangu, niambie ukweli. Unachomtumia kinamtosha? Kama hakitoshi sema, ukoo tuchangishane, kuliko mtu aliyestaafu kwa heshima kugombania makopo na mbwa. Na huyo mama simjui ubaya wake, lakini mjane na mgane wakibeba gunia moja, gunia halibaki gunia tu.

Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Shangazi yako


Tarehe 9 Machi

Baba, shikamoo.

Shangazi ameniandikia. Ameniambia nisiseme, nami nimeshindwa.

Kwa nini hukuniambia? Kama haikutoshi ungesema, ningekaza mkanda. Leo nimekutumia nyongeza, nenda kaichukue. Nilipokuuliza unatembea ukaniandikia mzigo na misuli. Nilifurahi! Nikawasimulia na wenzangu kazini kwamba baba yangu ana rafiki wa kutembea naye. Nilidhani ni mzee mwenzako.

Usinitie aibu, Baba. Mimi nagonga milango ya watu kuwauliza habari za takataka, kumbe baba yangu ndiye anayezifukua. Na huyo mwanamke wa jalalani anayekutumia kama punda wake, mwambie atafute punda mwingine.

Sijasema haya kwa ubaya. Nakuomba tu ukae nyumbani upumzike. Umefanya kazi ya kutosha.

Mwanao


Tarehe 6 Aprili

Kwako binti wa mzee,

Salamu. Hunijui, ingawa ulinitaja kwenye barua yako ya tarehe tisa Machi. Mimi ni Mama Makopo. Anwani yako nimeinakili kutoka nyuma ya bahasha yako. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, utanivumilia.

Baba yako amelazwa leo siku ya nne. Usishtuke. Alijikata kiganja kwa chupa iliyovunjika, kidonda kikaingia uchafu, mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko. Madaktari wamempasua kidogo wakatoa usaha, na homa imeshuka. Jana amekula, na amegombana na muuguzi, kwa hiyo anapona. Amenikataza kukuambia. Lakini mimi nina mwanangu alikufa mbali na mimi bila mtu kuniandikia, na nilisema sitamfanyia mzazi wala mtoto wa mtu jambo hilo.

Sasa nikuambie na mengine, maana nikinyamaza utayasikia kwa namna nyingine.

Barua yako niliisoma mimi. Siku ilipofika baba yako alikuwa amekalia miwani yake ikakatika mguu mmoja. Alinifuata bombani ninapooshea chupa, amefurahi, akasema, "Kasuku wangu ameandika, nisomee, lakini nisomee upande wa kulia." Sikio la kulia ndilo lenye nafuu. Nikasoma. Nilipofika pale katikati, mistari mitatu niliiruka. Nilipitiliza moja kwa moja mpaka pale uliposema husemi kwa ubaya. Nikaongeza na "nakupenda, Baba", ambayo hukuiandika, lakini niliona ilikuwepo.

Miwani ilipotoka kwa fundi akaisoma barua mwenyewe. Kesho yake alikuja na gunia lake, hakunisalimia, hakuvaa glavu, akatumbukiza mkono kwenye pipa kama mtu anayempiga mtu. Ndipo alipojikata. Sikuandikii haya kukulaumu. Hasira ya mzazi haiendi kwa mtoto, inamrudia mwenyewe.

Unasema namtumia kama punda. Nikueleze tulivyokutana. Mwaka jana nilikuwa nasugua chupa bombani moja moja. Akapita mzee akasimama, akanitazama muda mrefu mpaka nikaona kero. Nikamuuliza, "Umepoteza nini?" Akasema, "Unaosha kwa kujichosha. Loweka kwanza, usugue baadaye." Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akanioshea kreti mbili nzima bila kuvunja hata moja, huku machozi yanamtoka. Nilidhani ni sabuni. Aliniambia baadaye kwamba tangu kiwanda kifungwe hajashika chupa yenye povu.

Kesho yake alirudi. Mimi nina bega bovu, tangu nilipokuwa nafagia zahanati kabla mkataba haujaisha. Akachukua gunia. Sikumwita. Na hajawahi kuchukua hata shilingi yangu moja. Nikimpa anasema nimnunulie chai, na chai yenyewe ananilipia yeye.

Pesa ulizotuma hajazigusa. Si maskini, binti. Ni mpweke. Nyumba yake nimefika mlangoni tu, lakini ukisimama pale mlangoni unasikia jinsi ilivyo kimya hata kwa mtu asiye kiziwi.

Nimemwambia akitoka hospitali asinifuate tena, abaki na heshima yake. Amejifanya hakusikia.

Mama Makopo


Tarehe 14 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Nilifika hospitali Jumamosi. Muuguzi alisema umetoka hapo dakika kumi nyuma. Najua uliniona nikiingia ukapita mlango wa pili, maana chai kando ya kitanda ilikuwa bado inafuka moshi.

Sina pa kuanzia. Nimeandika kurasa nne nikachana. Nisamehe. Ile mistari mitatu niliiandika nikiwa nimeona haya, na kumbe mtu akiwa na haya huwa hatazami anampiga nani. Baba nimemwomba radhi nimeshika mkono wake mzima. Akasema, "Sijasikia, rudia." Nikarudia. Akasema, "Bado." Mara ya tatu nikagundua anacheka.

Aliniambia jambo ambalo limenikaa kichwani. Alisema, "Umegonga milango mingapi?" Nikamwambia mia nne na zaidi. "Na wanaoishi kwa hizo chupa, umegonga milango yao?"

Ni kweli. Katika nyumba zote hizo, watu saba kati ya kumi wanasema wanautaka mpango. Lakini nikiwauliza watarudisha wenyewe, wengi wanasema, "Tutamtuma mtu." Wenye maduka wanaogopa nzi na nafasi. Wengine wanaogopa bei. Hakuna fomu hata moja iliyojazwa na mtu anayeokota. Nilimuuliza mkuu wetu. Akasema fomu ni za kaya, na hao si kaya. Nikamuuliza basi wanalala wapi, hewani? Akanitazama kama nimemtukana.

Nimeambatanisha fomu moja. Ukipenda ijaze. Usipopenda, washie moto wa chai, nitakuwa nimestahili.

Binti wa mzee


Tarehe 24 Aprili

Binti,

Marahaba. Ni kweli nilipita mlango wa pili. Nilikuwa na ndala, na wewe ulikuwa umevaa vizuri.

Yaliyopita tumeyaosha. Fomu nimeijaza, ila nafasi mliyoacha inatosha sisimizi, kwa hiyo majibu nayaandika hapa.

Swali la kwanza, kama nimesikia habari za mpango. Nimesikia kwa baba yako, kila siku, kwa sauti ya juu. Mbwa wa mtaa wote wamesikia.

La pili, kama naunga mkono. Hapo nilikaa siku tatu. Binti, chupa ikiwa na thamani mtu hataitupa. Na mimi nakula kwa kuwa watu wanatupa. Mkiwafundisha watu wote wasitupe, mji utapendeza, na mimi nitaamka asubuhi nikute mapipa matupu. Hilo ndilo linalotunyima usingizi sisi tulio saba pale bombani. Lakini nikisema sitaki, nitakuwa nasema watu waendelee kuchafua ili mimi nile, na hilo nalo limenishinda kulitamka. Andika: anaunga mkono huku anaogopa. Kama hakuna kisanduku cha hivyo, chora.

La tatu, kama nitarudisha chupa mwenyewe. Nimecheka mpaka wenzangu wakauliza. Nimesharudisha za kwenu wote.

La nne, hofu yangu. Nimeshaisema. Ongeza hii: mashine. Baba yako anasema nchi nyingine chupa inapokelewa na mashine, unaitumbukiza inakupa pesa. Mashine haina bega bovu, haitaki chai.

La tano, nini kifanyike. Pale mtakapoweka meza za kupokea chupa, msitafute watu wa kukaa. Sisi tupo. Tunajua ipi imepasuka, ipi imetiwa maji ili izidi uzito, ipi ilikuwa na mafuta ya taa. Tangu zamani tumekuwa tukiinama. Tupeni meza tusimame.

Baba yako ametoka hospitali. Leo alikuja bombani na mkono umefungwa, akaketi juu ya kreti, akasema amekuja kusimamia tu. Amesimamia kwa mdomo mpaka saa sita.

Mama Makopo


Tarehe 5 Mei

Baba, shikamoo.

Mwambie Mama kwamba kisanduku nimechora. Siku hizi naamka alfajiri kabla ya kazi, nakwenda nyuma ya masoko na mitaroni na fomu zangu. Nimezungumza na waokotaji thelathini na wanane. Wengine walinikimbia wakidhani nimetoka kwa askari wa baraza. Mmoja aliniuliza, "Maoni yetu? Mnayataka ya nini, yamechakaa?"

Mkuu wetu alikataa kuzipokea. Nikampa majibu ya Mama ayasome. Alisoma amesimama, halafu akaketi. Hakusema ndiyo, lakini alizitia kwenye faili. Ripoti sasa ina sura moja zaidi.

Kabla ya uamuzi kutakuwa na mikutano ya hadhara, na wa kwenu ni tarehe kumi na saba, ukumbi wa shule. Mimi siruhusiwi kuja, wakusanya maoni hatutakiwi kuonekana tuna upande. Nenda naye, Baba. Asikae nyuma.

Kasuku


Tarehe 20 Mei

Kasuku wangu,

Nakuandikia kwa mkono huu huu. Kidonda kimefunga, ila vidole viwili vimegoma kukunjika, nimeviacha na mgomo wao.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wa kwanza kusimama alikuwa mwenye duka la jumla. Mwenzangu alikuwa ananirudia kila neno upande wa kulia. Jamaa akasema duka lake litageuzwa ghala la nzi. Mwalimu mmoja akasema watoto wake wanakanyaga vipande vya chupa uwanjani, kwa hiyo nzi tutavumiliana nao. Watu wakapiga makofi. Halafu akasimama kijana nadhifu mwenye miwani ya jua humo ndani, akasema, "Chupa zikiwa pesa, hawa wa magunia watatunyang'anya hata zilizo mezani, hatujamaliza kunywa!" Ukumbi ukacheka. Hapo mwenzangu aliacha kunirudia maneno. Nilijua kwa sababu upande wangu wa kulia ulinyamaza. Nikageuka, nikaona amesimama.

Mwanangu, alishika kiti cha mbele. Nilimsikia kwa sababu watu wote walinyamaza.

Akasema, "Mimi ndiye wa gunia. Nimepita mbele ya milango yenu miaka sita. Nani kati yenu nimemnyang'anya? Asimame." Hakusimama mtu. Akasema, "Mlizoea kuniona nimeinama, labda hamkujua kimo changu. Ndicho hiki. Nyote mmesema mtarudisha chupa, na mimi naomba iwe hivyo, ingawa mkirudisha nyote, mimi sina kazi. Ninachowaomba ni kimoja. Mkija kurudisha, mtukute sisi mezani. Msituondoe kwenye chupa siku zinapoanza kuwa na thamani."

Mimi nilitaka kunong'ona tu. Wallahi nilinong'ona. Lakini unajua sauti yangu haina kipimo. Ukumbi mzima ulisikia, "HUYO NDIYE!" Watu wakaangua kicheko, lakini safari hii kilikuwa kicheko kingine, na makofi yakaanzia kwa yule mwalimu.

Alipotaka kuketi, kiti chake kilikuwa kimeshachukuliwa na mtu wa dirishani. Akabaki amesimama anaangaza. Unajua nani alisogea akampa nafasi kwenye benchi? Shangazi yako. Alikusanya gauni lake, akasogea, akapiga benchi kwa kiganja mara mbili. Hawakusemezana. Lakini alipokohoa, shangazi yako alimpa maji, na chupa ilipoisha aliishika mkononi mpaka mwisho, hajui pa kuitupa.

Baraza limesema watajaribu miezi sita, meza tatu, na moja itapewa kikundi cha bombani. Moja tu. Si tulichoomba, lakini si haba.

Kuna jingine. Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza, ila mdomo ulitangulia. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia aje tuishi wote. Akajibu, lori likapita, sikusikia. Nikamwambia rudia. Akazunguka akaja kulia kwangu, akasema polepole, "Ngoja. Acha kwanza nikae mezani hiyo miezi sita, nile jasho langu nimesimama. Nikija kwako leo watasema uliniokota. Asije mtu akasema uliniokota."

Nimemwambia nitangoja. Nilingoja chupa zirudi miaka thelathini na moja, miezi sita nini? Lakini bila wewe kuridhia sitathubutu. Niambie ukweli wako, usinipambie.

Baba yako


Tarehe 29 Mei

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisomea kazini nikalia, wenzangu wakadhani kuna msiba. Nikawaambia hapana, baba yangu amekataliwa kwa muda.

Umesema nisikupambie. Siku niliyosoma barua ya Shangazi, zaidi ya aibu kulikuwa na hofu moja ambayo sikuiandika. Niliogopa nafasi ya marehemu Mama inachukuliwa na mimi siko. Nilipokuja hospitali nikaona chai ile, na ndala zimeacha alama ya maji sakafuni, nikafikiri, Mama angekucheka kwanza, halafu angekuambia uvae shati safi.

Vaa shati safi, Baba. Na umngoje kama alivyosema. Mtu anayeruka mistari mitatu ili usiumie, ukimkosa nitakulaumu mimi.

Kasuku


Tarehe 2 Desemba

Binti yangu,

Salamu kutoka mezani. Naandika hapa hapa, foleni ikipungua.

Miezi sita imekwisha wiki iliyopita. Nikuambie ilivyokuwa, mazuri na mabaya. Meza ya sokoni imefungwa, wenye maduka walishindana na baraza mpaka wakashinda. Ya shuleni ipo. Yetu imeongezewa mwaka mmoja. Wenzetu wa mtaa wa juu hawajapata meza, wanatuletea sisi, na wawili kati yao hatusalimiani nao vizuri tangu hapo. Nimewaombea nao wapewe, sijajibiwa, nitaomba tena. Mwenye duka la jumla bado anaupinga mpango kila mahali, na kila Ijumaa anatuma mtu na kreti zake.

Watu niliokuwa nawaona visogo tu sasa nawaona nyuso. Wanauliza bega langu linaendeleaje. Juzi yule kijana wa miwani ya jua alileta makopo yake, akayapanga vizuri, akasema, "Mama, shikamoo," akiangalia chini. Nikamwitikia. Nimpe nini kingine?

Asubuhi ya jana nilivaa gauni la bluu nikaenda kwa baba yako mwenyewe, kwa miguu yangu, nikabisha. Hakusikia. Nikabisha mpaka jirani akatoka. Alipofungua nikamwambia, "Miezi imeisha. Bado unangoja?" Akaniambia nirudie. Nikajua amesikia, nikarudia hata hivyo.

Ni Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Hakuna makubwa, ni chai na watu wachache. Shangazi yako amejipa kazi zote na anatugombeza wote. Baba yako anataka nikuulize utaniitaje. Nimemwambia akuache, utaamua ukifika.

Chumba chako nimekifagia. Baba yako anataka kitanda kikae ukutani kama zamani. Mimi naona kikisogea dirishani utapata hewa. Tumevutana nacho, hakuna aliyeshinda. Kwa hiyo kiko katikati ya chumba, binti, kinakungoja uje utoe maoni.

Mama Makopo